Kutwika, Kutua na Kubwaga: Uhakiki wa Istilahi za Mzigo wa Umeme

Miongoni mwa kazi ambazo mfasiri hukabidhiwa pasipo kupewa muda wa kutosha ni tafsiri za maandishi ya umeme. Huja mezani pake kama taarifa ya mradi, hotuba ya kiongozi, au tangazo la kubandikwa katika ofisi ya mtendaji wa kata. Na mara nyingi huja na dhana ambazo hazikuwapo vinywani mwa watu wakati kamusi zetu zilipokuwa zikitungwa. Makala haya yanakusudia kuhakiki kundi moja dogo la istilahi hizo, yaani zile zinazohusu kazi ya kuuweka umeme unaozalishwa sambamba na umeme unaotumiwa, na hasa pale kazi hiyo inaposaidiwa na mtambo unaotumia umeme kutoa gesi ya haidrojeni katika maji. Mifano yetu tutaichukua Tabora na katika njia ya zamani ya misafara. Tabora kwa miaka mingi imekuwa mbali katika njia za umeme, ikitegemea waya mrefu wa kilovolti 132 utokao upande wa Shinyanga. Na tena huko ndiko lugha ya Kiswahili ya mzigo ilikokomaa, kwa shughuli ya mamia ya maelfu ya mabega.

Kwanza tuieleze kazi yenyewe, kwani istilahi isiyotanguliwa na ufahamu wa jambo huwa ni pambo tu. Umeme wa gridi hauwekwi ghalani kama mahindi. Kila sekunde, kiasi kinachozalishwa hakina budi kulingana na kiasi kinachotumiwa. Mitambo yote iliyounganishwa katika gridi moja huzunguka kwa mwendo mmoja, na umeme wake hupiga mara 50 kwa sekunde. Matumizi yakizidi, mitambo huelemewa na mapigo hayo hupungua chini ya 50. Uzalishaji ukizidi, mitambo hukimbia na mapigo hupanda. Mapigo yakienda mbali mno na 50, vifaa vya ulinzi hukata umeme vyenyewe ili mitambo isiharibike, na mkato mmoja waweza kuuvuta mwingine hadi nchi nzima ikawa gizani.

Watanzania wameyaona matatizo ya pande zote mbili kwa muda mfupi. Mwaka 2023 uzalishaji ulipungua na umeme ukatolewa kwa zamu. Mwezi Machi 2024, mara baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji kuanza kazi, ilitangazwa kwamba vituo vitano vya kuzalisha umeme vimezimwa kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji. Bwawa hilo lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Upande wa magharibi, Kigoma ilizima majenereta yake ya dizeli na kuunganishwa na gridi Oktoba 2022. Hali kadhalika, reli mpya inayoendelea kujengwa kupitia Tabora kuelekea Mwanza na Kigoma ni reli ya umeme. Kwa maneno mengine, mzigo mkubwa utakuwa unasafiri juu ya waya, leo uko Makutupora, baada ya saa kadhaa uko Tabora. Kazi ya kuweka uzalishaji na matumizi sambamba haitapungua.

Hapa ndipo unapoingia mtambo wa haidrojeni. Ukipitisha umeme katika maji, maji hugeuka kuwa gesi mbili, haidrojeni na oksijeni. Kilo moja ya haidrojeni huhitaji kilowati-saa 50 hadi 55 hivi, na maji yasiyopungua lita 9. Mtambo wa namna hii waweza kuongezewa umeme pale unapozidi na kupunguziwa pale unapopungua, na aina mpya zenye utando hubadili kiasi hicho kwa muda wa sekunde chache. Haidrojeni itokayo yaweza kuchanganywa na naitrojeni ya hewani kufanya amonia, na amonia ndiyo mama wa mbolea za naitrojeni. Jambo hili si geni. Huko Rjukan, Norway, maporomoko ya maji yalitumiwa hivyo tangu miaka ya mwisho ya 1920. Aswan nchini Misri walifanya hivyo kuanzia 1960. Jirani zaidi ni Kwekwe, Zimbabwe, ambako kiwanda cha Sable kilitoa haidrojeni kwa umeme ili kutengeneza mbolea kwa miaka mingi, hata mtambo huo ukasimamishwa mwaka 2015 nchi ilipokuwa na upungufu mkubwa wa umeme. Kenya, ambayo hulazimika kuachia mvuke wa Olkaria upotee usiku pale matumizi yanaposhuka, ilitangaza mkakati wake wa haidrojeni Septemba 2023. Mkoa unaolima tumbaku kama Tabora, ambako bei ya mbolea ni habari ya kila msimu, utafikiwa na maandishi haya siku si nyingi, na yatakapofika yatahitaji Kiswahili.

Sasa tuziangalie istilahi.

Neno linalotumiwa sana kwa kazi nzima ni "kusawazisha gridi". Ni neno jepesi kutamkwa, na kosa lake limejificha humo humo katika wepesi wake. Kusawazisha, kwa msikilizaji wa kawaida, ni kufanya vitu viwe sawasawa: kusawazisha uwanja, kusawazisha bao. Mwambie mkazi wa Sikonge au Kaliua kwamba serikali inasawazisha gridi, naye atafahamu kwamba mikoa yote sasa itapewa umeme kwa kiasi kimoja, na kwamba fungu la Tabora litalingana na la Dar es Salaam. Hapo mfasiri atakuwa ametoa ahadi ambayo mwandishi wa asili hakuitoa. "Kulinganisha" nako hakutufai, maana ni kutazama vitu viwili na kuona tofauti yake.

Sisi twapendekeza neno "urari". Wahasibu wanalo, katika urari wa biashara na urari wa malipo. Nao walimu wa ushairi wanalo, katika urari wa vina na mizani. Matumizi haya ya pili ndiyo yanayotufaa zaidi. Urari wa mhasibu huangaliwa mwisho wa mwaka, lakini urari wa shairi hutakiwa katika kila mshororo. Mshororo mmoja ukipungukiwa mizani, kufidia mbele hakusaidii. Gridi nayo iko hivyo. Basi "urari wa gridi" na liwe jina la hali inayotakiwa.

Kwa mapigo ya umeme, baadhi ya waandishi hutumia "masafa", wakifuata lugha ya redio. Redioni neno hilo limekwisha kukaa na hatuna ugomvi nalo. Lakini masafa asili yake ni umbali, na katika habari za gridi umbali ni jambo jingine kabisa linalotajwa katika sentensi hiyo hiyo. "Masafa ya gridi yamepungua" yaweza kusomwa kwamba waya umekatwa mfupi. Mtu wa njia ya Bagamoyo hadi Ujiji, yapata kilomita 1,200 kwa miguu, alijua masafa ni nini. Tuseme "mapigo": mapigo ya gridi ni 50 kwa sekunde. Ni neno la moyo na la ngoma, na mwanafunzi wa darasa la saba halitampa taabu. Anayetaka kipimo cha kitaalamu ataandika hezi 50.

Tunafika katika neno "mzigo", ambalo ndilo kiini cha makala haya. Mafundi wa umeme wamelitumia siku nyingi kwa jumla ya umeme unaovutwa na watumiaji, na wamefanya vema. Lakini walichukua nomino wakaviacha vitenzi vyake, na upungufu huo ndio uletao mkanganyiko katika matangazo.

Katika karne ya 19, wapagazi wa misafara, na Wanyamwezi wakiwa wengi na mashuhuri kuliko wote, walibeba pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi na vitambaa, shanga na nyaya za madini. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Mnyamwezi alipendelea bega, mtu wa pwani kichwa. Katika shughuli hiyo Kiswahili kilitenganisha vitendo ambavyo lugha ya ofisi leo imevichanganya. Kumtwika mtu ni kumsaidia kuupokea mzigo. Kumtua ni kumsaidia kuuweka chini, taratibu, bila kuvunja kilichomo. Kubwaga ni kuutupa chini ghafla, ama kwa kuchoka ama kwa hatari. Hata neno "kituo" limezaliwa na kitenzi kutua, kwa maana kituo ni pale mizigo inapowekwa chini. Nasi tunapolisema katika "kituo cha umeme" tunalitamka jina la kambi ya wapagazi. (Wapo wasemao "kituo cha kupoza umeme", na wataalamu hucheka, kwa kuwa umeme haupozwi kama uji. Mimi singeligusa neno hilo. Watu wanaelewa kwamba umeme mkali unafanywa mpole, na ndivyo ilivyo.)

Nani atasema kutua mzigo ni lugha ya kale? Kaulimbiu ya serikali ya kumtua mama ndoo kichwani imesikika kila kijiji chenye mradi wa maji. Kitenzi kiko hai, nacho kina heshima.

Sasa tuviweke vitendo hivyo katika gridi. Umeme unapozidi na kikatafutwa cha kuutumia, huko ni kutwika mzigo. Unapopungua, na mtumiaji mkubwa, kwa mapatano na kwa malipo, akapunguza matumizi yake alipoambiwa, huko ni kutua mzigo. Mapigo yanaposhuka kwa hatari na vifaa vya ulinzi vikakata mitaa au miji bila kumwuliza mtu, huko ni kubwaga mzigo. Na pale upungufu unapojulikana mapema, ukapangwa kwa zamu, mtaa huu asubuhi na mtaa ule jioni, neno lake ni "mgawo", nalo limekwisha kuenea. Anayelikwepa kwa kusema "marekebisho ya ratiba" hatafuti istilahi bali maficho.

Vitendo vyote vitatu vya mwisho leo huandikwa "kukatika kwa umeme". Mwenye mashine ya kusaga pale Ipuli hupata tangazo hilo moja iwapo nguzo imeanguka, iwapo gridi imebwaga mzigo, iwapo ni zamu yake katika mgawo, au iwapo kiwanda kilicho jirani kilipaswa kutua mzigo wake na hakikutua. Hilo la mwisho ndilo zito. Ukiwapo mkataba unaomlazimu mwenye mtambo wa haidrojeni kupunguza matumizi wakati wa upungufu, naye akaacha, basi mwananchi amekatiwa umeme kwa uvunjaji wa mkataba. Lugha isiyo na neno la kutofautisha kutua na kubwaga haimpi mwananchi huyo hata namna ya kuliuliza swali lake. Mkataba ukisema "mtambo utapunguza umeme", mwanasheria atauliza: umeme wa nani? Ukisema "mwenye mtambo atatua mzigo usiopungua megawati kadhaa ndani ya dakika kadhaa tangu kuamriwa", swali hilo halina nafasi.

Yapo mapingamizi mawili. La kwanza, kwamba "kutua" hutumika pia kwa ndege na kwa jua. Hatuoni hatari yoyote: neno mzigo likiwa pembeni, hakuna atakayefikiri juu ya ndege. La pili ni kubwa zaidi, kwamba kauli ya kutendwa, "mzigo uliotuliwa", yafanana na kitenzi kutulia. Kwa sababu hiyo twashauri mfasiri atumie kauli ya kutenda kila awezapo, amtaje aliyeutua. Na kwa nomino atumie "utuaji mzigo" na "ubwagaji mzigo". Kumtaja mtendaji ni faida hata pasipo sababu ya kisarufi.

Kuna onyo moja la kuchukua katika msamiati huu wa misafara. Si kila neno lake litufae. Ada waliyotozwa wenye misafara kwa kupita katika nchi ya mtawala, hasa Ugogo, iliitwa hongo, nayo ilikuwa ushuru wa halali. Leo gridi zinapounganishwa kati ya nchi na nchi, ipo ada ya kupitisha umeme wa mwingine katika nyaya zako, na kwa historia jina lake lingekuwa hilo hilo. Mfasiri atakayeliandika katika hati ya wizara atakuwa na maelezo mengi ya kutoa. Aseme "ada ya kupitishia umeme".

Libakilo ni jina la mtambo wenyewe. Yapo maandishi yanayouita "elektrolaiza", kwa kutohoa. Kutohoa si dhambi. Gridi, volti na haidrojeni zimetoholewa, na juhudi ya kutafuta neno la Kibantu kwa gridi sasa ni kupoteza wakati. Lakini neno "elektrolaiza" halimwambii mkulima chochote, na utaratibu wa Baraza tangu kuundwa kwake mwaka 1967 umekuwa kutazama kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu, ndipo kutoka nje. Ndivyo Kinyamwezi kilivyotupatia "ikulu".

Wengine wamesema "kitenganisha maji" au "kichanganua maji". Hapa lazima tuwe wakali kidogo, kwa sababu ya darasa la kemia. Kutenganisha ni kazi ifanywayo kwa mchanganyiko. Huko Uvinza, katika njia hii hii ya misafara, watu wametengeneza chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja kwa kuchemsha maji ya chemchemi hata yakakauka. Chumvi ilikuwamo majini, moto uliitenga. Maji yaliyoondoka kwa mvuke yalibaki maji. "Kuchanganua" kuna dosari hiyo hiyo, kwani ni kinyume cha kuchanganya. Lakini haidrojeni haimo katika maji kama chumvi ya Uvinza ilivyomo. Maji ni kitu kimoja chenye viungo, na umeme huvivunja viungo hivyo. Mwanafunzi atakayefundishwa kwamba mtambo "unatenganisha" maji atafikiri kwamba maji ni mchanganyiko wa gesi mbili, na mtihani utamhukumu.

Kiswahili kina kitenzi "kuchangua", ambacho ni kukata mnyama katika viungo vyake. Mwenye kuchangua mbuzi hatenganishi vitu vilivyochanganyika. Anaachanisha viungo vya mwili mmoja. Hiyo ndiyo dhana tunayoitaka. Twapendekeza "mtambo wa kuchangua maji" kwa maandishi ya umma, na "kichangua-maji" panapohitajika neno moja. Tendo lenyewe liitwe "uchanguaji kwa umeme". Tofauti ya silabi moja kati ya kuchangua na kuchanganua italeta makosa ya uchapaji kwa muda, hilo hatulikatai. Wasomaji wa prufu wakae macho.

Juu ya "haidrojeni ya kijani" hatuna mengi. Gesi hiyo haina rangi yoyote, wala kijani hapa hakisemi ila chanzo cha umeme uliotumika. Katika hati ya sheria mfasiri ataje chanzo: haidrojeni ya umeme wa maji, ya jua, ya jotoardhi. Katika hotuba aache kijani chake.

Lakini lipo jina moja ambalo twaliomba liachwe kabisa, nalo ni kuuita mtambo huu "ghala la umeme". Ukiichukua haidrojeni na kuirudisha kuwa umeme, utapata kama theluthi moja tu ya ulioutia. Ghala linalorudisha gunia moja kwa kila magunia matatu haliitwi ghala. Kwa gridi, kichangua-maji ni mzigo; sifa yake ni kwamba ni mzigo unaotwikwa na kutuliwa kwa amri. Mizigo ya namna hiyo yaweza kuitwa "mizigo nyumbufu", kwa neno ambalo wachumi wamekwisha kulizoea.

Kwa wale watakaotunga matangazo, tumalizie kwa mfano tuliobuni wenyewe. Tangazo la kawaida husema: "Tunasikitika kuwatangazia kwamba umeme umekatika katika baadhi ya maeneo ya Tabora, Urambo na Nzega kutokana na kusawazisha gridi." Kwa istilahi tulizozijadili lingesema: "Saa 1.20 usiku mapigo ya gridi yalishuka chini ya 50. Watumiaji wakubwa waliamriwa kutua mzigo. Kwa kuwa mzigo uliotuliwa haukutosha, vifaa vya ulinzi vilibwaga mzigo wa maeneo ya Tabora, Urambo na Nzega. Urari umerejea saa 2.05 usiku." Tangazo la pili ni refu zaidi, na msomaji wake anajua ni swali gani la kumpelekea meneja wa wilaya: nani aliamriwa kutua, na alitua kiasi gani.